Kaseti ya Pili ya Chura

Mwalimu aliyekuwa amepanga chumba chetu cha nje, hapa Gitting, chini ya mlima Hanang, alipopata uhamisho wa kurudi kwao Lindi, alituachia televisheni ndogo, mashine ya gemu na kaseti mbili. Ulikuwa mwaka wa pili tangu mama amfuate baba kaburini. Mimi nilishaacha shule nikiwa kidato cha pili. Nililima viazi na ngano, nikakamua ng'ombe watatu. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la sita. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba.

"Chukueni," mwalimu alisema. "Hapa pamekuwa kimya mno."

Kaseti zote mbili zilikuwa za chura yule yule aliyevaa buti. Ya kwanza haina maneno mengi. Chura anakwenda kulia, anaruka mashimo, anakanyaga nge, anafika kisimani. Anga ni la bluu, majani ni ya kijani, na kioo hakirudi nyuma: ulichokipita umekipita.

Ya pili ilitengenezwa na watu ambao bila shaka walikaa wakaulizana ya kwanza ilikosa nini. Sasa chura anaweza kurudi alikotoka akaokota alichosahau. Anaogelea. Akiruka, unaweza kumgeuza akiwa bado hewani, na ukishamzoea unausikia uzito wake kwenye vidole gumba. Tangu niache shule sikuwahi kupewa kitu nilichokipenda vile.

Ina makosa yake. Haikumbuki ulipofikia, kwa hiyo umeme wa sola ukikatika unaanza upya. Jitu la mwisho ni jepesi, ukilirushia mawe machache tu limelala, baada ya jasho lote lile. Na waliotengeneza walipenda sana mapango. Nusu yake ni mapango matupu, udongo wa kahawia juu ya weusi, na popo wanatokea pembeni ya kioo bila hodi. Mimi nilisema hiyo ndiyo raha yake. Mdogo wangu akasema kaseti ni mbaya.

"Mbaya kwa sababu unakufa," nilimwambia.

"Mbaya kwa sababu wameficha mashimo."

"Hawajaficha, yapo hapo. Wewe unakimbia kama ndama aliyefunguliwa."

Tulikuwa na sheria yetu. Jioni, tukishakamua, tunacheza kwa zamu, na anayemaliza maisha yake matatu kwanza ndiye anayetoka kwenda kuwafungia ndama kwenye kibanda chao, wasilale na mama zao wakamaliza maziwa ya asubuhi. Kwa kaseti ya kwanza tulikuwa tunashindana vizuri tu. Kwa kaseti ya pili alitoka yeye karibu kila siku. Nikamwita bingwa wa ndama. Alicheka mwanzoni.

Baadaye akaanza kuniomba awafunge kabla hatujacheza, jua likiwa bado lipo.

"Hiyo ni kukwepa," nilisema. "Sheria ni sheria."

Nilidhani namfundisha kutokimbia kushindwa. Mimi ndiye niliyekuwa nimebaki wa kumfundisha.

Jioni moja alitoka akachelewa. Nikasikia ndoo inaanguka, kisha kilio kifupi kilichozuiwa. Nilipofika nje alikuwa amepiga magoti kando ya hori, mdomo unatoka damu. Alikuwa amejikwaa kwa ndama aliyelala katikati ya njia, ndama mweupe.

"Unatembeaje wewe? Ndama mzima humwoni?"

"Kaka, giza limeshaingia."

Nikainua macho. Mlima wa Hanang ulionekana wote hadi kileleni. Niliona mbuzi wa jirani ng'ambo ya shamba, ningeweza kuwahesabu. Nikamwuliza, taratibu sasa, ndama yuko wapi. Akanyoosha mkono kwenye rundo la mabua. Ndama alikuwa amesimama ubavuni kwake, pumzi yake ikimgusa goti.

Kutoka zahanati tulielekezwa hospitali ya wilaya, na kutoka pale hospitali kubwa zaidi. Tuliondoka alfajiri, nimemshika mkono kama mtoto mdogo, naye akiona aibu. Daktari wa macho alipokea shikamoo zetu, akamtia matone, akamwangalia muda mrefu kwa ile taa yao ndogo. Kisha akaniuliza mimi, "Baba au mama alikuwa na shida ya kuona jioni?"

Sikujua. Nilijaribu kumkumbuka mama jioni. Nilikumbuka kwamba alipenda kurudi sokoni mapema, lakini wanawake wote hupenda kurudi mapema. Baba nilimkumbuka akiwa kitandani. Waliokuwa na jibu la swali lile tulishawazika.

Akaeleza kwamba nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, na wa mdogo wangu ulikuwa unakufa kuanzia pembeni. Ataendelea kuona mbele, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba litazidi kuwa jembamba.

"Miwani?"

"Miwani haisaidii kwa hili."

"Upasuaji?"

"Hakuna cha kupasua, kijana wangu. Asome sana sasa hivi, wakati anaona."

Nikasema, "Nina ng'ombe watatu wa kuuza."

Hakunicheka. Alisema, "Baki nao." Mdogo wangu alikuwa amekaa pale pale, macho yamejaa dawa, akisikia yote.

Siku zilizofuata niliwafunga ndama mwenyewe. Jumapili moja baada ya ibada nikawasha televisheni, nikachomeka kaseti ya kwanza.

"Kwa nini hiyo?" aliuliza.

"Nimeona ndiyo nzuri. Ile ya pili waliiharibu kwa mapango."

Aligeuza kichwa chote kunitazama, maana siku hizi hageuzi macho tu.

"Wewe kaka, muongo. Miezi yote umeisifia ile. Mpaka usingizini unaruka."

"Nimebadilisha mawazo."

"Usianze kunidanganya. Bado sijawa kipofu."

Nilichomoa ya kwanza, nikaweka ya pili. Nilimpa rimoti ya gemu akaisukuma kwangu.

"Cheza wewe. Tukifika mapangoni, uniambie kilichopo. Na usiniambie ni kibaya."

Nikacheza. Nilivuka mto, nikavuka daraja la kamba, nikafika kwenye mlango wa pango la kwanza. Akasogeza kigoda mpaka magoti yetu yakagusana. "Haya," akasema.

Nikamwambia kuna ukuta. Kuna maji yanadondoka. Kule chini kuna shimo, na pembeni ya shimo weusi si mmoja, upo wa juu na upo wa ndani, na huu wa ndani una kama, una kama nini. Nilitafuta neno la Kiswahili, nikatafuta kwa Kiiraqw cha nyumbani, nikakosa. Popo akatoka kushoto, chura akaanguka.

"Una kama nini?" aliuliza. Alikuwa ameinama mbele, anasubiri.

"Ngoja," nilisema. "Ngoja niangalie tena."