Miwani Pana Kuliko Uso

Mzee mmoja wa kijiji cha Bonga, msomaji wa masomo kanisani, alinikuta kwenye duka la miwani.

"Shikamoo, baba," muuzaji, binti mdogo, akamwamkia. Mzee hakuitikia.

"Binti, nikisoma, mistari inacheza. Ndiyo napofuka?"

Binti akamvua miwani, akasoma namba zilizoandikwa ndani ya mkono wa fremu. "Fremu ni pana kuliko uso wako, baba. Macho hayakai katikati ya lenzi. Nani alikuchagulia?"

"Mwanangu, kwa kukisia. Kwa hiyo sipofuki?"

"Hupofuki."

Mzee akashusha pumzi. "Marahaba, binti yangu."

Nikacheka kwa sauti, mimi bingwa wa mtaa wa Maisaka, niliyeacha shule mapema na bado najua yote. Miwani yangu ya kifahari ikateleza hadi ncha ya pua.

"Na wewe kijana, sogea."

Nikasogea, nikanong'ona kama mzee: "Binti, na mimi sipofuki?"