Hamira Katika Jiko la Mama

Nilipoajiriwa na kampuni ya kutengeneza hamira, nilipanda kwenda kwetu Gesima, kwenye milima ya Kisii, kumpa mama habari. Alifurahi kusikia kwamba ningevaa koti jeupe kama daktari. Kisha akauliza, "Na hiyo hamira ni ya kazi gani?"

"Ya mkate, mama. Na mandazi."

Akatikisa kichwa. "Hapa kwetu hamira ni ya wapika pombe."

Mama ni Msabato asiye na mchezo. Wenzake kanisani walipomuuliza binti yake yuko wapi, aliwajibu kwamba niko kwenye kiwanda cha vyakula, basi, akaendelea kuchuma majani chai yake. Nilijua ananificha, nami sikumlaumu.

Nikiwa nimekaa kazini miaka kadhaa, kampuni ikataka kuandika historia yake katika kijitabu cha kuwapa wateja. Mkubwa wangu alikuwa na habari tele: kibanda cha mabati walikoanzia, tangi la kwanza la kuchachusha molasi ya miwa, siku povu lilipofurika likatambaa mpaka getini na mlinzi akakimbia. Ila kuhusu watu walionunua hiyo hamira hakuwa na hata sentensi moja.

"Wewe ni wa huko Kisii," aliniambia. "Niletee ukurasa mmoja wa kwenu."

Nilianzia mjini Kisii, kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la jumla. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuza hamira yetu upande ule. Alinikalisha juu ya gunia la mchele, akaagiza chai ya tangawizi. Nilimuuliza wateja wake wa kwanza walikuwa akina nani, kalamu yangu tayari kuandika habari za waoka mikate.

"Binti yangu, nikupe ya ukweli au ya kitabu?"

"Ya ukweli, mzee."

"Wapika busaa, ile pombe ya kienyeji. Muda mrefu ni wao tu. Walikuja alfajiri wamejifunika leso, wananong'ona. Marehemu mke wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyechoka na hayo. Akaanza kukaanga mahamri hapa hapa mlangoni. Watu wakila wanauliza siri yake, naye anawaonyesha pakiti. Hamira ikapata heshima kwa mikono yake, si kwa matangazo ya kampuni yenu."

Niliandika kila neno. Kutoka hapo nikaenda Gesima, na jambo la kwanza nililomwambia mama ni kwamba alikuwa amesema kweli kuhusu wapika pombe. Alipendezwa sana kusikia hivyo, hata aliponiona natoa pakiti ya hamira na unga wa ngano mkobani hakunizuia. Alisogeza kiti, akakaa kunitazama.

Ilikuwa Ijumaa, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Nilikanda unga vizuri, nikaufunika kwenye sufuria, nikangoja. Wapi! Baridi ya Gesima si mchezo. Baada ya saa nzima donge lilikuwa limelala vile vile, zito kama jiwe la kusagia. Mimi mwenye koti jeupe, nilitamani kujificha.

Mama alikuwa akitoka na kuingia kukagua magunia yake ya majani chai pale barazani. Lori la kiwanda cha chai lilikuwa limekwama kwenye tope huko chini, na majani mabichi yakikaa yameshindiliwa huanza kupata joto yenyewe mpaka yanaungua. Alitia mkono ndani ya gunia moja, akaguna. Halafu akageuka kuitazama sufuria yangu.

"Lete hicho kitu chako."

"Mama, utaharibu majani!"

"Haya yameshaharibika. Lete."

Alichimba katikati ya gunia, akaitumbukiza sufuria, akaifunika kwa majani na kuvuta blanketi juu yake. Tulimenya ndizi za chakula cha mchana. Tulipofukua, unga ulikuwa umeinua mfuniko. Mama aliubonyeza kwa kidole, ukarudi juu polepole. Akabonyeza tena.

"Kumbe kinapumua," akasema, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba afariki.

Tuliuoka mekoni, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Alikula kipande cha kwanza akiwa amesimama, kwa uangalifu, kama anayesikiliza. "Hakina pombe," akatangaza. Halafu akawaza. "Kesho utakuwa bado laini?"

"Utakuwa."

Nilielewa hesabu yake. Siku ya Sabato hapiki. Miaka yote tumekula viazi vitamu vilivyopoa.

Kesho yake aliufunga mkate kwenye jani la mgomba akaupeleka kanisani. Baada ya ibada kina mama walikula, wakalambalamba vidole, na mke wa mzee wa kanisa akataka kujua ulivyopikwa. Nilitazama chini.

"Ni hamira," mama alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Binti yangu huyu ndiye anayeitengeneza."

Ukurasa wangu ulichapishwa. Mkubwa wangu aliwafuta wapika busaa lakini akawaacha mke wa mwenye duka na gunia la majani chai. Nilimsomea mama kijitabu chote, nikimfasiria kwa Ekegusii, lugha yetu, naye alitaka nirudie pale mlinzi anapokimbia povu.

Siku hizi, ukitaka kuongea na mama siku ya Ijumaa, jitayarishe kukatiwa simu. "Nitakupigia," husema, na nyuma yake nasikia majirani wawili watatu wakibishana juu ya chumvi. "Nina unga mikononi."