Joka Lililosubiri Nionje Kwanza

Nililitilia sumu joka ambalo halikuwahi kula chakula changu kabla mimi sijakionja. Usidhani ninatunga. Liliniamini, nami niliyatazama macho yake mchana kweupe, hapa Bukavu.

Nieleze kwa mpangilio. Wakati wa vita, nyumba yetu ilikuwa chini kabisa ya mteremko, hatua chache kutoka ziwani. Majoka ya Ziwa Kivu hayatemi moto. Yana miguu mifupi na ngozi ya kijivu kama jiwe lililolowa, na yakipumua, maji hutoa mapovu. Wavuvi wa kijiji cha Katana waliyajua, wakayapisha. Hili letu, refu kama mtumbwi, lilikuwa na tabia zake. Kila alasiri nilipoosha sahani, liliweka kidevu juu ya jiwe langu la kufulia. Ukiliwekea bugali, ndiyo ugali wetu, liliisukuma kwa pua irudi kwako. Kwetu, anayekukaribisha pombe huonja yeye kwanza, ujue haina sumu. Joka lilijifunza wapi desturi hiyo? Sijui. Nilimega tonge, nikameza, nalo likinitazama kooni, ndipo likala. Likishiba lilivuma, sauti nzito iliyotikisa vioo vya madirisha.

Mvumo huo ndio ulioleta shida. Askari walipiga kambi juu ya mteremko, wakawa wanakamata wanaume wa kuwabebea mizigo porini. Wengi hawakurudi. Mdogo wangu Déo tulimficha depo, chumba chetu cha kuwekea vitu, nyuma ya magunia ya makaa.

"Yaya, ule munyama wako atatumaliza," mke wake aliniambia, akiniita hivyo kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. "Anaimba kupita korali ya paruasi, pale kanisani! Siku moja watashuka kuangalia iko nini."

Déo akajibu kutoka gizani: "Mumuache. Hata mimi ningeimba, kama mungenipa bugali ya moto."

Tulicheka kidogo tu. Jioni ile ile joka lilivuma, na askari wawili wakashuka hadi nusu ya njia, wakasimama, wakasikiliza. Kisha wakapanda tena.

Kesho yake nilisonga bugali, nikachanganya dawa ya panya upande mmoja. Nikaonja upande mwingine. Lilinitazama kooni mpaka nikameza. Likala yote. Niamini, siku hiyo halikuvuma. Lilirudi majini polepole, na baada ya muda mapovu yakakatika.

Siku mbili baadaye kambi ilivunjwa, askari wakapelekwa Shabunda. Hakuna aliyewahi kubisha mlangoni kwetu. Déo yuko hai, ana watoto watano, na kila akinishukuru mbele ya wageni mimi natoka nje. Je, ningemwambia nini? Kwamba ilitosha kusubiri siku mbili tu?

Wewe unayesoma, ukimwonjea mtu chakula, onja pale pale atakapokula yeye. Usipoweza, usionje kabisa, mwache akatae.

Maana tangu mwaka ule, kila mvua za kwanza zinapoanza, nakuta jani la mgomba juu ya jiwe langu la kufulia, na samaki mmoja mbichi juu yake. Ameng'atwa upande mmoja. Upande mzima umeelekezwa nyumbani kwangu.

Wa mwaka huu nilimwokota leo asubuhi. Yuko kwenye sahani, mbele yangu, na bado sijamgusa.