Kombe Nililokunywa Siku ya Baraza

Msinicheke sana. Nilitaka wazee wa Kindu wanichague kusimamia chuo chetu cha Kurani, maana kila siku nilipiga kelele kwamba kila mutoto asome, hata wa mvuvi. Siku ya baraza woga ukanishika. Pale kibarazani kwa mwalimu nikaona bakuli la maji meusi. Nikajua ni kombe, aya zilizooshwa kutoka ubaoni, dawa ya kunywa. Nikasema bismillahi, nikalimaliza lote. Lilikuwa chungu, lakini dawa gani tamu?

Nikasimama mbele ya wazee. “Watoto wote wajue kuandika!”

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akanitazama kinywani.

“Wataandika na nini, ndugu yangu? Wino yao ya mwezi muzima iko mu meno yako.”