Shingo ya Choo cha Baba Mkwe

Huku Ikolo nilikoolewa, mwanamke hamtazami baba wa mumewe. Ukimwona njiani unachepuka na kujifunika uso, na kuongea naye ndiyo kabisa usithubutu. Mume wangu alipochukuliwa upagazi katika vita ya Mdachi, nilihamia kwa wazazi wake, nikawa mtu wa kuchepuka kutwa nzima.

Choo cha shimo kilikuwa cha mzee; mimi nilikwenda migombani. Serikali ilitaka kila kaya iwe na choo, naye alichimba, akapachika shingo ya chungu mdomoni mwa shimo kuzuia udongo. Masika ikaja, shingo ikapasuka, udongo ukaanza kuporomoka, inzi wakajaa. Askari wa serikali akaja kukagua, akachungulia, akatema mate.

"Kesho kutwa nikikuta hivi, mzee atakula hamsa ishirini mbele ya watu."

Mzee alikuwa ameshapinda mgongo. Viboko ishirini na vitano vingemuua, na sote tulijua.

Mimi ni mtoto wa wafinyanzi wa ufukweni. Nikamwambia mama mkwe, "Nitakitengeneza."

"Wewe! Ukashike anapochuchumaa mkweo? Una wazimu?"

"Haya, basi na afe kwa heshima zake," nikamjibu. Ndiyo, nilimjibu hivyo, na sijutii hata leo.

Kufinyanga shingo mpya, kuikausha na kuichoma ni kazi ya siku nyingi. Nikachukua mtungi alionipa mama yangu nilipoolewa, nikaugonga kitako kwa jiwe, polepole, mpaka kikatoka. Jamani, roho iliniuma! Nikang'oa vigae vya zamani, nikakwangua udongo uliolegea, nikaupachika mtungi mdomo chini, mabega yake yakikalia magogo yaliyolazwa juu ya shimo. Nikaziba pembeni kwa udongo wa kichuguu na samadi. Nikamwaga maji kandokando, hata tone halikupenya.

Askari akarudi. Majirani wakajaa uani.

"Nani kakitengeneza?"

"Mimi," nikasema, nimejifunika.

Akamgeukia mzee. "Ingia tuone kama hakibomoki."

Mzee akagoma. Mkono wa mke wa mwanawe ulikuwa umegusa pale, na yeye na majirani wote walijua ni mwiko mkwe kupatumia tena. Askari akakunjua kiboko.

Hapo nilichoka, nakwambia. Nikaivua nguo usoni, nikasimama mbele ya mkwe wangu.

"Baba! Nimevunja mtungi wa mama yangu kwa ajili ya mgongo wako. Ingia!"

Mama mkwe akajishika kichwa. Mzee akanitazama, mara ya kwanza tangu niolewe, kisha akaingia. Tukamsikia akikanyaga kwa kishindo, tena na tena. Hakuna kilichobomoka.

Alipotoka alimpita askari bila hata kumtupia jicho, akaja mpaka nilipokuwa.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru.

Mke wa mwana haitikii. Mimi niliitika, tena kwa sauti, uso wazi.