Bastola ya Mjerumani na Dume Jeusi

Mimi sina subira na mwanamume anayelala na chuma. Nasema hivyo nikijua kwamba mwanamume mwenyewe ni mdogo wangu, wa tumbo moja.

Bastola ilikuwa ya babu. Yeye alisema alimnyang'anya Mjerumani katika ile vita yao. Bibi alisema aliiokota porini, na mimi namwamini bibi. Ni kitu kizuri, siwezi kukataa: mbao za mpini zimechongwa mistari, ubavuni kuna maandishi madogo ya Kijerumani, na wanaojua wanasema ukifyatua risasi moja, ya pili inajipandisha yenyewe. Baba aliifunga katika ngozi ya ndama na kuipaka samli, kama mkuki wake. Ikarithiwa na mdogo wangu, na hakuna aliyeitamani, mpaka alipofika mgeni kutoka mjini, mkusanyaji wa vitu vya kale, akitafuta vibuyu na vigoda.

Alipoiona, alisahau vibuyu vyote. Akamwambia mdogo wangu asiipake tena samli, asiisugue, asimwonyeshe mtu. Yeye anakwenda kushughulikia vibali, atarudi. Tangu siku hiyo mdogo wangu hakuwa mtu tena. Ng'ombe wanapelekwa ziwani na mke wake, yeye yuko ndani analinda. Ukipiga hodi anauliza wewe nani, hata kama sauti anaijua. Tulimcheka: "Shikamoo Mjerumani!" Lo, tulicheka mapema.

Wifi yangu hakucheka. Asubuhi moja alimwambia mumewe, "Hiki kitu kipeleke polisi, tutafungwa sote." Mdogo wangu akaichomoa, akamwelekezea kifuani, mtoto akiwa mgongoni kwa mama yake. Akamwambia arudie alichosema.

Wifi alikuja kwangu bila viatu. Hakulia. Akasema, "Wifi, ndani ya nyumba ile sirudi mpaka kile kitu kitoke." Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto.

Kwetu Wabarbaig, mwanamume akimdhalilisha mke wake, kesi si ya wanaume. Ni ya wanawake. Neno linapita boma kwa boma, majembe yanaachwa shambani, na kesho yake tumejaa mlangoni kwake na fimbo zetu. Faini inajulikana: dume jeusi la ng'ombe. Akikataa analaaniwa, na laana ya akina mama hakuna mwanamume wa hapa kwetu Basotu anayeichezea.

Basi tukakaa mbele ya boma lake tangu jua linachomoza. Mama yetu alikaa mbele, kwa kuwa ndiye mkubwa wa wote. Mdogo wangu akatoka mbio, meno nje. "Shikamooni mama zangu! Chukueni dume, chagueni hata mawili."

"Dume tutachukua," nikasema. "Lete na bastola."

Kicheko kikamkauka. "Tangu lini wanawake wakatoza chuma?"

Na kweli, hakuna aliyewahi kusikia. Wenzangu wakaanza kunong'onezana, wengine wangeridhika na dume wakarudi kwenye maharage yao. Nikamtazama wifi, ameinamisha kichwa. Nilijua akirudi ndani na kile kitu kimo, ipo siku nitaitwa kumzika.

"Hatuondoki," nikasema. "Tutapika hapa, tutalala hapa. Thubutu utuguse!"

"Jamani, haina risasi!" Akaingia ndani, akatoka nayo mkononi ili tuone. "Nilikuwa namtania tu mke wangu!"

Mama akasimama. Magoti yanamsumbua, kusimama kwake ni kazi, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akamwendea mwanawe mpaka karibu kabisa, akafungua shuka kifuani.

"Kama ni utani, nitanie na mimi. Nielekezee."

"Mama..."

"Haina risasi. Unaogopa nini?"

Mkono haukuinuka. Alijaribu kucheka, midomo ikakataa. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema polepole, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," na kweli mdogo wangu akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake, mbele ya wanawake wa kijiji kizima. Nilimwonea huruma, sitaficha. Lakini sikusogea.

Mama akaitoa bastola mkononi mwake, akaifunga kwenye pindo la shuka.

"Mama, unanigeuka?" akauliza. "Mimi mwanao?"

Mama akamwonyesha wifi kwa fimbo. "Na yule ni wa nani? Mama yake yuko mbali, hakuona ulichofanya. Leo mimi ndiye mama yake."

Dume tukalitoa zizini. Kisha tukamchukua mwenyekiti wa kijiji, tukaenda wote polisi kwa miguu, mdogo wangu katikati yetu. Wifi hakuja. Alisubiri mpaka tulipopita kilimani, akambeba mtoto wake, akaingia ndani kwake.