Picha ya Madhabahu ya Bibi Thục

Bibi Thục alipokwenda kupigwa picha ya madhabahuni, ile itakayotundikwa nyumbani akishafariki ili wanawe wamkumbuke, alivaa vazi lake la mahameli ya zambarau, akawa anamtania mzee Khiêm, mpigapicha wa mtaa wao pale Huế, Vietnam.

“Nitoe mzuri, wewe. Nitatundikwa kando ya marehemu mume wangu, asije akanikana.”

Khiêm alicheka, akapiga. Hakuisafisha wala kuichapa, kwa kuwa picha ya namna hiyo haichapwi mwenyewe akiwa hai. Ni kuyaita mauti. Aliiacha ghafi ndani ya kompyuta, pamoja na za wazee wengine. Enzi za filamu angeifungia kwenye kopo la biskuti, na kopo halikuwa na akili ya kuchagua.

Diski ilipojaa, alinunua mpya. Kompyuta alijifundisha mwenyewe uzeeni, na alijivuna kwa hilo. Akaandika amri za kunakili kila kitu kutoka folda za zamani kwenda mpya, ziruke aina moja tu: faili ghafi, zile za picha ambazo hazijasafishwa. Zilikuwa nzito, na picha za harusi zote alikwisha kuzisafisha na kuzihifadhi kwa aina nyepesi. Mashine ikatii. Akaifuta diski ya zamani bila hata kuchungulia.

Bibi Thục alipofariki, mwanawe Toàn alikuja na kitambaa cheupe cha msiba kichwani. Khiêm akafungua folda ya wazee. Tupu. Masikio yakamwaka moto.

“Imepotea, ba’mkubwa?”

“Haikupotea, mwanangu. Niliiambia mashine iiruke.”

Toàn akasema: “Mama alikuwa akituambia tusihangaike, picha yake ipo kwako.”

Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Ilipatikana moja kwenye simu ya Toàn, ya karamuni: blauzi ya jikoni, shavu limejaa wali, bega la jirani limeingilia. Khiêm alishinda akilifuta lile bega. Mahameli hakuweza kuyarudisha.

Siku ya mazishi alichomeka udi mbele ya picha ile, akainama huku akitazama sakafu. Alipotoka, wazee wenzake walikuwa wameketi mlangoni.

“Na zetu zipo, eti?” mmoja akauliza.

Khiêm akainama kutafuta viatu vyake, ingawa vilikuwa mbele yake.

“Vaeni tena,” akasema. “Mje.”